UZI: Tulikodi kijiko "dry", bosi akadhani ni bei ya kiangazi. Tulijadili hili neno

#1 Karani wa Saiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana mwezi wa kumi tulipata kazi ya kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe, upande wa Kilosa. Kampuni yetu ndogo, kijiko (mtambo wa kuchimbia) chetu wenyewe hatuna, tunakodi. Bei ikaja kwa barua pepe, Kiingereza kitupu, safu mbili: "wet rate" (wet ni yenye maji) na "dry rate" (dry ni kavu), kwa saa. Ya pili nafuu kabisa. Bosi wangu na Kiingereza hawapatani, akaniita: "Hebu nisomee, wewe ndiye msomi." Nikamsomea bila kupepesa macho: "Hii ya kwanza ni bei ya masika, hii ya pili ni ya kiangazi." Akachungulia dirishani, vumbi linatimka, jua la mwezi wa kumi mnalijua. "Basi kiangazi ndiyo hii. Lipa."

Tukalipia siku tatu. Kijiko kikaja alfajiri juu ya lobedi, lori la kubebea mitambo. Opareta akakishusha taratibu, akazima injini, akakaa juu ya cheni akawasha sigara. Ikafika saa moja. Ikafika saa mbili. Nikamwendea: mzee, mbona hatuanzi? Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nasubiri mafuta."

"Mafuta gani?"

"Si mmekodi dry?"

Kijiko cha ukubwa ule kinakunywa lita 15 hivi kwa saa, na dizeli ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Siku nzima tulishinda tukibeba madumu. Bosi hakunigombeza. Alinikaushia wiki nzima, na nyie mnajua kipi kinauma zaidi.

Tangu hapo kila nikiliona hili neno nalisimamisha kama trafiki. Ng'ombe "dry" ni yule aliyeachwa kukamuliwa, kwa kawaida miezi miwili hivi kabla hajazaa. Anaweza kuwa amesimama kwenye mvua ya mawe, bado ni "dry". Mkate "dry" hauna siagi. Ndege inakodishwa "dry". Kote huko maji hayahusiki hata kidogo! Nilivyoona mimi, neno hili linataja upungufu, na kinachopungua wanakijua wenye shughuli yao tu. Ng'ombe kapungukiwa maziwa, mkate siagi, kijiko changu dizeli. Kwa hiyo siku hizi sitafuti maana yake kwenye kamusi. Namwuliza mwenye kitu: ambacho si "dry" nyie mnakiitaje? Akinijibu kinyume chake, nimeshapata maana.

Wenye mifano ya kazini kwao waje.

#2 Fundi Mitambo

Pole mkuu, ila somo lako umelisoma nusu. Saiti nyingi za kwetu "dry" opareta anakuja na mtambo, mafuta juu yako. Nimefanya kazi mgodini na Waaustralia: kwao "dry hire" ni chuma kitupu, opareta utafute mwenyewe, na "wet hire" ndiyo inakuja na mtu wake. Neno moja, mtambo mmoja, nchi mbili, hasara mbili. Siku nyingine hata kinyume chake usikiamini mpaka usome mkataba unaosema nini kiko ndani.

Kwenye ndege ndiyo usiseme. "Wet lease" unapewa ndege, marubani, wahudumu, matengenezo na bima, wewe unalipia mafuta na ada za viwanja, unauza tiketi. "Dry lease" unapewa ndege, kazi kwako. Halafu katikati wameweka "damp lease", ndege inakuja na marubani ila wahudumu wa ndani unatafuta wewe. Yaani ndege yenye unyevunyevu.

#3 Jogoo la Mjini

Uzi mkavu huu. Hauna picha.

#4 Karani wa Saiti

@Jogoo la Mjini umechangia bila kujua, nashukuru. Umetaja upungufu, na kinachopungua umekitaja mwenyewe.

#5 Nesi wa Zamu

Hospitali tunalo kila siku. Mgonjwa wa kikohozi swali la kwanza ni kikavu au cha makohozi. Kwa Kiingereza kinyume cha "dry cough" ni kikohozi "productive", kinachozalisha, kama shamba au kiwanda. Mwanafunzi wangu mmoja alimwuliza bibi mzaa chema: "Bibi, kikohozi chako kinazalisha?" Bibi akamwambia, "Mwanangu, mimi nimeshamaliza kuzaa." Wodi nzima ilicheka, na bibi mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Kilikuwa na makohozi.

Kingine ni watu wa kusafishwa damu kwa mashine. Wana kitu kinaitwa "dry weight", uzito wa mtu maji ya ziada yakishatolewa mwilini, ndio tunaoulenga kila akija. Ukimwambia mgonjwa "uzito wako mkavu ni kilo 61" anashtuka, anadhani umemwambia amekauka, amekwisha. Mimi nimeacha kutafsiri neno kwa neno. Namwambia: uzito wako bila maji ya kuvimba. Anaelewa na anaondoka na amani.

#6 Mtu wa Pwani

Nimekaa kimya nawasoma, naona mnaionea Kiingereza. Hebu tuigeuzie kibao Kiswahili chetu.

"Kavu" kinyume chake nini? Kuni kavu, kinyume chake kuni mbichi. Nguo kavu, nguo mbichi. Samaki mkavu, samaki mbichi. Sawa. Sasa ndizi mbichi kinyume chake nini? Mbivu, si kavu. Na nyama mbichi? Iliyopikwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia "mbivu na mbichi zitajulikana" anadhani amepata jozi, kesho anaenda kwa mwenye bucha kuomba nyama mbivu. Kwa hiyo hata sisi neno letu moja, "mbichi", lina wapinzani watatu, na hatuoni ajabu kwa sababu tumezaliwa nalo.

Nchi kavu je? Kinyume chake ni majini. Ile mamlaka iliyokuwa ikiitwa SUMATRA ilisimamia usafiri wa nchi kavu na majini, na basi lililonasa kwenye tope la masika mpaka dirishani kwa sheria lilikuwa bado nchi kavu. Bandari kavu kama ya Isaka au ya Kwala, kinyume chake ni bandari basi, sijasikia mtu akisema bandari mbichi.

Ila pale ambapo kitu ni cha kwetu hasa, Kiswahili hakihangaiki na sifa, kinatoa jina. Tazama nazi. Ikiwa changa kabisa ni kidaka, ikiendelea kitale, ikifika ya kunywa ni dafu, ikianza kukomaa koroma, ikikomaa ndiyo nazi, ikikauka nyama yake ni mbata. Mtu wa Pwani hatakwambia "nazi iliyokauka ndani", atakwambia mbata na mazungumzo yameisha. Samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani ni ng'onda. Chelezo pia vilevile: wale wa meli wanaita "dry dock", sisi tuna chelezo, meli inapandishwa inatengenezwa. Mwanza wamejenga chelezo pale Mwanza Kusini wakati wa kazi za meli mpya, na hakuna aliyehitaji kusema gati kavu.

Na kauzu? Kauzu ni kisamaki kidogo kilichokauka. Na mtu asiye na haya, unamwambia neno zito uso wake hautikisiki, naye tunamwita kauzu. Mtu mkavu, mwenye macho makavu. Kinachopungua hapo ni haya, wala si maji.

#7 Mhudumu wa Meza

Mtu wa Pwani umenigusa. Mimi niko hoteli moja Zanzibar, mwaka wa tisa sasa. Wiki yangu ya kwanza mgeni kaninyoshea glasi ya mvinyo mweupe: "Is this one dry?" Kitu kinamwagika mezani, ananiuliza kama ni kikavu! Nikamjibu kwa heshima zote, "No sir, it is liquid." Meza nzima iliangua kicheko, akanipa na bakshishi. Nilijua nimechekwa, sikujua kwa nini.

Baadaye ndio nikafundishwa. Zabibu ina sukari, sukari ikichachuka inageuka kilevi. Ikichachuka karibu yote, ulimi hauonji utamu, hapo wanaita "dry". Kinyume chake ni "sweet", mtamu. Hata chupa za Dodoma utaona zimeandikwa hivyo hivyo. Sukari ndiyo iliyokauka, mvinyo wenyewe uko palepale.

Sasa mkidhani mmeshalielewa, njooni kwenye Champagne. Kuna chupa imeandikwa "Extra Dry". Wewe na akili zako unasema hii ndiyo kavu kupita zote. Thubutu! Kuna nyingine imeandikwa "Brut", na hiyo ina sukari kidogo kuliko Extra Dry. Kwa kanuni za Ulaya "Brut" isifike gramu 12 za sukari kwa lita, na "Extra Dry" inaanzia gramu 12 mpaka 17. Iliyoandikwa "Dry" tu, ambayo Wafaransa wanaiita "sec", inaanzia 17 mpaka 32, yaani hiyo kavu ni tamu waziwazi. Majina yalikaa zamani, watu walipokuwa wanaipenda tamu mno, kwa hiyo kilichoitwa kikavu kilikuwa kikavu ukilinganisha na sharubati ya wakati huo. Ladha za watu zikahama, majina yakabaki kwenye chupa. Mgeni akiniambia "something very dry" simpelekei Extra Dry. Nampelekea Brut, na wageni wapya wananibishia kila msimu.

#8 Jogoo la Mjini

Kwa hiyo ya kavu ndiyo tamu. Nimeelewa kwa nini Wazungu wanapenda kuandikiana mikataba.

#9 Dalali wa Nafaka

Niko Kibaigwa, nanunua mahindi. Hapa "makavu" ni namba. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni maji yasiyozidi asilimia 13.5. Yaani gunia la kilo 100 unaloliita kavu lina kilo 13 na nusu za maji ndani yake, na halali. Ukilikausha kupita hapo umejipunja mwenyewe mizani. Ukilileta na 17 unaleta kuvu, na sumu ya kuvu hiyo inaua watu.

Mwenye kipimo cha mashine anapima. Asiye nacho anang'ata: punje ikipasuka kwa mlio, sawa, ikibonyea chini ya jino, rudisha juani. Ila kung'ata kunategemea meno ya nani. Mimi natumia chupa. Chukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi robo yake, tia kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, ziba, tikisa dakika mbili tatu, iache itulie. Geuza chupa uitazame kwenye mwanga. Chumvi ikiteleza yote chini, chukua mzigo. Ikiganda kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, mwambie mkulima akaanike. Kuna mama mmoja niligombana naye nusu saa anasema yake makavu, "tazama yanavyolia", anayachezesha kiganjani. Nikampa chupa atikise mwenyewe. Chumvi ikaganda. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Chumvi yako ndiyo mbichi." Tukaleta chumvi ya kwake. Ikaganda. Akacheka, akatandika turubai.

#10 Karani wa Saiti

@Dalali wa Nafaka hapo umeniongezea kitu. Nilikuwa naamini "kavu" ni kutokuwa nacho kabisa. Kumbe mahindi yako na mvinyo wa @Mhudumu wa Meza yote yanakuwa makavu huku kitu kimo ndani. Ni kupungukiwa mpaka kiasi ambacho wenyewe wamekubaliana. Ile kanuni yangu ya #1 naifanyia marekebisho.

#11 Mbeba Boksi

Naandika kutoka Marekani, Tennessee. Huku "dry" ni mahali pasipouzwa pombe. Nchi nzima ilikuwa "dry" kuanzia tarehe 17 Januari 1920 mpaka tarehe 5 Desemba 1933, kisha kila jimbo likaamua lake. Mississippi walikaza mpaka 1966. Mpaka leo kuna kaunti "dry", kaunti "wet", na zile za katikati wanaita "moist". @Fundi Mitambo mwone huyo ndugu wa "damp lease" yako.

Kichekesho cha huku: whiskey ya Jack Daniel's inatengenezwa Lynchburg, kaunti ya Moore, ambayo ni "dry". Mapipa yamejaa maghalani, wanasafirisha dunia nzima, lakini baa ya kukaa ukanywa hapo hapo hakuna. Ng'ombe anakamuliwa, zizi ni kavu.

#12 Shemeji wa Sharjah

Na mimi niko Sharjah, emirati yetu pombe ni marufuku. Waingereza na Wahindi kazini wanaiita "dry". Mjomba alipokuja kunitembelea nikamwambia hapa ni "dry", akanijibu, "Nimeona mwanangu, jangwa tupu." Nikamwacha.

#13 Mwanakemia

Haraka haraka, niko kwenye foleni. Draiklina wanalowesha nguo zenu chapachapa, ila kwa dawa badala ya maji, inayojulikana zaidi ni tetrakloroethilini. Barafu kavu ni hewa ya ukaa iliyogandishwa, nyuzi 78.5 chini ya sifuri, haiyeyuki kuwa majimaji, inapaa moja kwa moja kuwa gesi. Ndiyo iliyosafirishia chanjo ya Pfizer ya korona. Betri kavu ndani ina unyevu, imetengenezwa kama uji mzito ili isimwagike. Ikikauka kweli haifanyi kazi.

#14 Karani wa Saiti

Sasa swali lililonileta hapa hasa. Jioni natafsiri maandishi ya chini ya filamu, kibarua kidogo cha kuongezea. Kuna mahali dada anamsifia mchumba wake kwa shoga yake: "He's so dry, I love it." Anamaanisha utani wake, anasema jambo la kuchekesha huku uso umetulia. Nikaandika "ni mkavu sana, nampenda". Aliyehakiki akanirudishia na alama nyekundu: binti mwenye heshima zake anampendea mwanamume kutokuwa na haya?

#15 Mtu wa Pwani

Alikuwa sahihi kukurudishia. Tazama lakini mlivyo karibu: kauzu wetu na "dry" wao wote wawili uso hautikisiki. Ila sisi tulipoutazama uso ule tukaona haya zimekosekana, wao wakaona kicheko ndicho kilichokosekana. Usiende na neno, nenda na uso. Andika "anatania bila hata kucheka".

#16 Nesi wa Zamu

Au "anakuchekesha, yeye hacheki". Daktari wetu mmoja yuko hivyo hivyo. Anakuambia "leo umependeza, nani kafa?" na anaendelea kuandika.

#17 Mbeba Boksi

Msisahau siasa za Uingereza miaka ya 1980. Margaret Thatcher alikuwa na mawaziri chamani kwake wakiitwa "wets", wale waliosita alipokata matumizi ya serikali. Waliomuunga mkono wakaitwa "dries". "Wet" lilianza kama neno la kejeli, mtu mlegevu, na "dry" likazaliwa kumjibu. Hapo kinyume ndicho kilichotangulia kuja duniani.

#18 Jogoo la Mjini

Na "kausha" mmeisahau wapi? Mtaani ukiambiwa "kausha" maana yake nyamaza, usishtuke, jifanye hujaona. Akikukaushia mtu amekata salamu. Hapo kinachokauka ni maneno. Kinyume chake ni nini, wazee wa kinyume?

#19 Mtu wa Pwani

Kinyume chake ni wewe.

#20 Karani wa Saiti

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Jamani, jambo moja la mwisho, mnisaidie ushauri. Huu uzi kuna mtu ameunakili akautuma kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Jina langu halipo, lakini lambo, Kilosa, mwezi wa kumi, opareta na sigara yake, nani asiyejua? Bosi ameusoma, alama mbili za bluu nimeziona. Nimemwandikia: "Mzee, samahani, sikukusudia, niufute?" Akachukua dakika kumi hivi anaandika, anaacha, anaandika.

Amejibu sasa hivi. Neno moja.

"Kausha."

#21 Fundi Mitambo

Mkuu, hiyo uliza ya saiti gani kabla hujafuta.